Popote Walipo: Matangazo ya Zamani katika Kumbukumbu za Watu wa Mpanda

Utangulizi

Neno "tangazo" ni la kale kuliko redio. Kabla mitambo haijafika katika nchi zetu, pembe ilipulizwa, watu wakakusanyika, na wahenga wakatuachia msemo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Aliyeisikia mbiu hakuuliza kwanza kama habari inamhusu yeye au jirani yake. Aliacha jembe, akasogea penye sauti, akasikiliza. Redio ilipoingia vijijini iliikuta tabia hiyo imekwisha kukomaa, ikairithi.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza jambo ambalo wataalamu wengi wa utamaduni wamelipita kama jambo dogo. Jambo hilo ni hamu ambayo watu wazima wa Mpanda, na wa Mkoa wa Katavi kwa jumla, wanayo juu ya matangazo ya zamani: matangazo ya biashara, milio ya kujitambulisha ya vituo, na sauti za watangazaji zilizotenganisha kipindi na kipindi. Penye watu wa makamo waliokaa kupiga soga, hachelewi kutokea mmoja akaiga sauti ya mtangazaji wa zamani, na wenzake wakamalizia maneno. Mtu huyo aghalabu hakumbuki bei ya bidhaa iliyosifiwa, wala pengine hakupata kuinunua. Basi anachokikumbuka ni nini, na kwa nini kinamgusa?

Hoja yetu ni kwamba hamu hiyo haihusu bidhaa. Inahusu kutajwa. Kwa watu wa sehemu iliyokuwa mbali na barabara kuu, na mbali na ofisi zilizokata mashauri, tangazo lilikuwa mahali ambapo taifa liliwasemesha, na tena mahali ambapo wao wenyewe waliweza, kwa fedha kidogo, kulisemesha taifa. Tukiielewa hamu hiyo hivyo, tutaona kwamba matangazo ya zamani ni sehemu ya historia yetu yenye kustahili kukusanywa kabla waliyoyahifadhi vichwani hawajatutoka.

Nchi ya mbali

Msomaji asiyeijua Mpanda yafaa kwanza aelezwe mahali ilipo. Mji huo uko magharibi mwa Tanzania, katikati ya misitu ya miombo, mashariki ya Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, pamoja na jamaa zao wa kando ya ziwa. Mji wenyewe ulikuzwa na mgodi. Katika miaka ya 1940 kampuni ya Uruwira Minerals ilianza kuchimba risasi pamoja na madini mengine huko Mukwamba, na serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilometa 210 hivi, ambalo lilikuwa likitumika kufikia mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na watu wengi waliokuwa wamefuata kazi wakabaki pia.

Kwa njia hiyo ya reli, kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni safari ya zaidi ya kilometa 1,100. Barabara za kwenda Tabora na Sumbawanga zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Gazeti lililopigwa chapa Dar es Salaam lilifika likiwa na umri wa siku kadhaa, na barua iliweza kukaa njiani kwa majuma. Kiutawala pia nchi hii ilihamishwa mara kadhaa bila yenyewe kusogea hata hatua moja: hadi mwaka 1974 ilikuwa katika Mkoa wa Tabora, mwaka huo ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Rukwa, na mwaka 2012 ikawa Mkoa wa Katavi wenye makao makuu Mpanda.

Idadi ya watu wenye asili ya mbali iliongezeka kila mara. Baada ya wafanyakazi wa mgodi na wa reli walikuja watumishi wa serikali, walimu na wakulima wa tumbaku. Kutokana na mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya wakimbizi walipewa makazi Katumba mwaka 1973, na wengine Mishamo mwaka 1978. Wafugaji wa Kisukuma nao walishuka na mifugo yao wakitafuta malisho. Hivyo Mpanda ikawa mji wa watu ambao wengi wao walikuwa na mama, kaka au shangazi katika mkoa mwingine au nchi nyingine. Hali hii ina uzito katika yale tutakayoeleza hapa chini.

Ngoma kabla ya habari

Utangazaji katika Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika hilo na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wananchi waliizoea kwa kifupi cha RTD. Chini yake palikuwa na Idhaa ya Taifa, na pia Idhaa ya Biashara iliyochanganya muziki na matangazo ya kulipiwa.

Kwa msikilizaji wa Mpanda kuipata sauti hiyo kulikuwa ni kazi. Mawimbi mafupi ndiyo yaliyoweza kuvuka masafa hayo, kwa kuwa hupanda juu angani, yakagonga tabaka lenye umeme, kisha yakarudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Lakini tabaka hilo hubadilika kwa saa za mchana na usiku, hivyo sauti ilikuja ikijaa na kupwa kama maji ya bahari. Watu walifunga waya juu ya mti au kwenye mwanzi mrefu. Jioni na alfajiri zilikuwa saa za kusikia vizuri. Betri zilikuwa ghali na adimu, zikaanikwa juani ili zirudishiwe nguvu kidogo, na redio ikazimwa mara habari zilipokwisha. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza betri na redio za National, na redio ya namna hiyo, ikiwa imevikwa mfuko wa ngozi wenye matundu, ikawa miongoni mwa vitu vya heshima nyumbani.

Katika hali hiyo mlio wa kituo haukuwa pambo. Mtu aliyekuwa akizungusha kitufe gizani, akipishana na redio za nchi za ng'ambo ya ziwa, alihitaji alama ya kumwambia kwamba amefika. Alama kubwa kuliko zote ilikuwa ngoma iliyotangulia taarifa ya habari. Mpigaji wake alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona, aliyekuwa mashuhuri kwa kuzipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Hatuna budi kuuzingatia uamuzi huo. Vituo vingi vya dunia ya wakati ule vilijitambulisha kwa kengele, kwa tarumbeta au kwa vinanda. Taifa changa la Tanzania lilichagua ngoma, na likamchagua mwananchi ambaye huko kwingine angehesabiwa kuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Mwaka 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ukoloni ulikuwa umetufanya tuzionee haya ngoma zetu. Kwa milio ile ya kila siku, fikira hiyo iliwafikia hata wasiopata kuisoma hotuba yenyewe.

Aliyekulia Mpanda katika miaka ile hukumbuka kwamba ngoma ilikuwa saa. Kazi zilipangwa kabla yake na baada yake, watoto walinyamazishwa, na majirani wasiokuwa na redio walisogeza vigoda. Hivyo redio moja ilikuwa redio ya nyumba kadhaa, na tangazo moja likasikiwa na watu wengi kwa pamoja. Usikivu huo wa pamoja ndio uliofanya maneno ya matangazo yawe mali ya wote, kama methali na vitendawili, kwani anayesikiliza peke yake hana wa kumaliziana naye maneno.

Bidhaa zilizosifiwa

Matangazo ya biashara yalikuwa na ufundi wake. Mengine yalikuwa mazungumzo mafupi kati ya watu wawili, ambapo mmoja ana tatizo la nguo au la maumivu na mwenzake ana dawa yake. Mengine yaliimbwa kwa mapigo ya muziki wa dansi. Mengine yalitegemea sauti ya mtangazaji peke yake, aliyejua mahali pa kukokota neno na mahali pa kulikata. Kwa kuwa hapakuwa na picha, kila kitu kilitegemea lugha. Mtungaji ilimbidi atumie maneno machache, yenye vina na mizani, ambayo msikilizaji wa Inyonga na wa Karema, mwenye lugha yake ya nyumbani, ataweza kuyashika mara moja. Hapana shaka kwamba watu wengi wa vijiji vya magharibi walizoea Kiswahili cha mjini kwa njia hiyo, na watoto walikicheza kabla ya kukisoma.

Pamoja na sifa hizo, tusidanganywe na utamu wa kumbukumbu. Kuna wakati tangazo lilitaja vitu ambavyo havikuonekana. Baada ya vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979, na kutokana na bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni, maduka ya nchi nzima yalikosa sabuni, sukari, nguo na hata betri zenyewe. Mwaka 1983 serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka 1984 ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa. Mji ulioko mwisho wa tawi la reli hupata bidhaa mwisho na huzikosa kwanza. Mtu aliyesikia sifa za sabuni huku akifulia majivu ya kuni au majani yatoayo povu hawezi kuambiwa kwamba tangazo lile lilimtendea wema.

Tena njia ilikuwa ya upande mmoja. Mpanda na maeneo yake yalitoa asali ya misitu ya Inyonga, tumbaku, mpunga wa Mpimbwe na samaki wa Karema. Vitu hivyo viliondoka bila jina. Asali iliingia katika mapipa, tumbaku ikaingia katika marobota, na bidhaa zilizorudi kutoka viwandani zilikuwa na majina mapya na nyimbo zake. Mkulima wa tumbaku aliweza kusikia sigara ikisifiwa redioni asijue kwamba jani lake limo ndani. Na tangazo lile la sigara, lililowavutia vijana wengi, leo limezuiwa na sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku. Hakuna sababu ya kulililia, ingawa yafaa likumbukwe.

Sauti ile ile ilileta pia matangazo ya serikali. Baadhi yake ni fahari yetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Lakini mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na familia nyingi nchini ziliacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Mwenye kuikumbuka redio ya siku zile kwa mapenzi, na asikumbuke amri zake, amekumbuka nusu.

Habari ziwafikie

Tumesema kwamba njia ya matangazo ilikuwa ya upande mmoja. Hata hivyo palikuwa na matangazo ya namna mbili yaliyokwenda kinyume chake, kutoka kwa mwananchi kuelekea kwa taifa, nayo ndiyo tunayoamini kuwa yamejenga ile hamu tunayoichunguza. Ya kwanza ni matangazo ya vifo. Ya pili ni salamu.

Tangazo la kifo lilikuwa la kulipiwa, hivyo kwa hesabu za ofisi lilikaa pamoja na matangazo mengine ya kulipiwa. Kwa hesabu za wananchi lilikuwa jambo jingine kabisa. Mpangilio wake ulijulikana na kila mtu: jina la anayetangaza na mahali anapoishi, jina la marehemu, mahali na siku aliyofariki, mipango ya mazishi, kisha orodha ya watu ambao habari ziwafikie. Orodha hiyo ilikuwa safari. Jina moja la Bukoba, jingine la Iringa, jingine la Tanga, na mwishoni mwake maneno ya kuwakusanya wote waliosahauliwa: ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Mtu wa Mpanda alikuwa mara nyingi miongoni mwa hao wa mbali. Mama yake alipofariki katika mkoa wa upande wa pili wa nchi, barua haikufaa kitu na simu ya maandishi iliweza kuchelewa katika posta. Redio ilimfikia siku ile ile, hata kama yeye mwenyewe hakuwa karibu nayo, kwa sababu kila aliyesikia jina alihisi ana wajibu. Jirani aliyelisikia alitoka usiku kwenda kugonga mlango. Mpita njia aliyelisikia stesheni alilifikisha kijijini. Watu walisikiliza matangazo ya vifo hata pale wasipotazamia msiba wowote, kwa kuwa kunyamaza na kusikiliza kulikuwa ni namna ya kulinda majirani. Hapa ndipo tunapoona kwamba mbiu ya kale ilikuwa bado hai: aliyesikia hakuuliza kama jambo linamhusu.

Na lilipotangazwa kutoka Mpanda, tangazo lile lilifanya kazi nyingine. Jina la kijiji ambacho hakikupata kutajwa katika taarifa ya habari lilisomwa kwa sauti ile ile iliyosoma majina ya mawaziri. Marehemu aliyekuwa mfua vyuma wa reli, au mama aliyezeeka akilima mihogo, alitajwa kwa majina yake kamili, na nchi nzima ikanyamaza kumsikia. Kwa watu wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Tunapoiangalia orodha ya majina na mahali katika matangazo ya namna hiyo, tunaona pia historia ya utawala wetu: Mpanda iliyosomwa kuwa ya Tabora ikaja kusomwa kuwa ya Rukwa, na kisha ya Katavi, ilhali kaburi liko pale pale.

Salamu zilikuwa upande wa furaha wa jambo hilo hilo. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya watu aliotaka kuwasalimu na mahali walipo, akachagua na wimbo. Wako waliojulikana nchi nzima kwa wingi wa kadi zao, ingawa hakuna aliyewaona kwa sura. Wenye fikira za haraka waliwacheka watu hao kwamba wanapoteza fedha. Sisi tunaona kwamba walikuwa wakinunua kitu cha thamani. Mtu wa mwisho wa reli alikuwa akiwaambia wananchi wenzake kwamba yupo, na kwamba anao watu wake.

Picha zinaingia

Televisheni ilikuja kwa kuchelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikitangulia sehemu kubwa ya Afrika. Tanzania Bara ilikataa kwa muda mrefu, kwa sababu serikali iliona si haki kutumia fedha za wote kwa chombo ambacho kingewafikia wakazi wachache wa miji. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 vituo kama ITV, DTV na CTN vikaanza kuonekana Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilifuata takriban mwaka 2000.

Katika Mpanda wasiwasi ule wa serikali ulijionyesha kuwa wa kweli. Mji uliendelea kwa miaka mingi kutegemea majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, na vijiji vilikuwa gizani. Televisheni ilionekana hasa kwa wenye ungo wa setilaiti, katika baa, na katika mabanda ambako vijana walitoa kiingilio kutazama mpira. Kizazi cha banda la video kina kumbukumbu zake: nembo ya kituo ikizunguka kabla ya taarifa ya habari, nyimbo za sabuni na za soda, na matangazo ya vyandarua na ya kujikinga na UKIMWI. Waliotazama kwa kubanana katika benchi moja walizikariri nyimbo hizo kama wazee wao walivyokariri zile za redio, na sababu ni ile ile ya kusikia pamoja.

Hata hivyo kuna tofauti. Tangazo la televisheni lilionyesha nyumba yenye vigae, jokofu, na mama aliyevaa kama mke wa mtu mkubwa wa mjini. Mtazamaji wa redio, kama tukiruhusiwa kumwita hivyo, alijitengenezea picha kwa vitu vya nyumbani kwake, na ndoo ya tangazo ikawa ndoo yake. Mtazamaji wa televisheni alionyeshwa nyumba ambayo si yake. Tena hakuwa na njia ya kulijibu tangazo kwa kutajwa ndani yake. Pengine ndiyo maana wenye umri wa kuzijua zama zote mbili wanapokumbuka televisheni hucheka, na wanapokumbuka redio hunyamaza kidogo kabla ya kusema.

Kilichohifadhiwa na kilichopotea

Maktaba ya kanda za RTD, ambayo leo iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ni hazina inayojulikana. Kwa kuwa nchi yetu haikuwa na viwanda vya kutosha vya kutoa sahani za muziki, bendi zetu zilirekodi katika studio za redio, na nyimbo zao zikahifadhiwa humo pamoja na hotuba na ngoma za makabila. Watu wenye nia njema wamefanya juhudi za kuzihamisha kanda hizo katika mifumo ya kisasa kabla hazijaoza.

Lakini tangazo halikuhesabiwa kuwa kazi ya sanaa wala hotuba. Lilitungwa kwa ajili ya miezi michache, likalipiwa, likaisha. Tangazo la kifo lilikuwa karatasi iliyosomwa mara moja mbili, basi. Jambo hili si aibu ya Tanzania peke yake. Hata BBC ya Uingereza, yenye fedha nyingi, ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake katika miaka ya 1960 na 1970 ili kuzitumia tena, na baadaye ikawaomba wananchi walete nakala walizokuwa nazo majumbani. Ikiwa vipindi vizima vilifutwa, tangazo la nusu dakika lingetetewa na nani?

Kwa sababu hiyo hifadhi kubwa ya matangazo yetu iko vichwani mwa watu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa yu katika miaka ya sabini. Akifa, hatumpotezi mtu aliyejua wimbo wa sabuni tu. Tunapoteza ushahidi wa namna Kiswahili kilivyotamkwa redioni, wa bidhaa gani zilisifiwa wakati gani na zipi hazikuonekana, wa jinsi amri na mafunzo ya serikali yalivyopokewa kando ya moto, na wa njia ambazo majirani walizitumia kupelekeana habari za msiba. Nyaraka za ofisi haziandiki mambo hayo.

Hitimisho

Kazi ya kukusanya haihitaji fedha nyingi. Walimu wa historia na wa Kiswahili katika shule za Mpanda, Inyonga, Mpimbwe na Karema wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuwauliza babu na bibi zao maswali machache: tangazo gani unalikumbuka, ulilisikia kwa nani, ulikipata kilichotangazwa, na ni habari gani iliyokufikia kwa redio ambayo isingekufikia kwa njia nyingine. Wakazi wa Katumba na Mishamo, ambao zaidi ya 160,000 kati yao na wenzao wa Ulyankulu wamepata uraia wa Tanzania, wasiachwe nje ya kazi hiyo, kwa maana nao walisikiliza, na walisikiliza kwa sikio la mtu anayeitafuta nchi. Majibu yarekodiwe kwa sauti, kwani tangazo lililoandikwa tu ni nusu ya tangazo. Redio za siku hizi zilizomo mkoani, kama vile Mpanda Redio, zinaweza kuyarusha hewani na kuwaalika wengine waongeze.

Siku hizi habari ya msiba huenda kwa simu ya mkononi, na humfikia mlengwa kwa upesi ambao redio haikuwa nao. Hilo ni jema, na hakuna anayetamani kurudi kuanika betri juani. Lakini ujumbe wa simu huenda kwa wale ambao namba zao zinajulikana. Tangazo la zamani lilikwenda pia kwa wale ambao anwani zao zilikuwa zimepotea, kwa kaka aliyeondoka kufuata mgodi asiandike tena, kwa binti aliyeolewa ng'ambo ya misitu, na lilimtegemea kila msikilizaji kuwa tarishi wao. Wazee wa Mpanda wanapoyarudia maneno yale ya mtangazaji, wanaukumbuka wakati ambapo walikuwa na hakika kwamba jina likitajwa hewani, yuko mtu asiyewajua atakayeamka na kulifikisha. Kumbukumbu hizo zikusanywe wangali hai wa kuzisimulia.